Mwani: wanawake wamejaa shambani, mizani wameshika wengine

Kila inapotafutwa biashara ya kuonyesha kwamba mwanamke wa Zanzibar amesonga mbele, mwani hutajwa kwanza. Afisa mmoja anayefuatilia zao hili anasema wanawake ni kama asilimia 80 ya wakulima, na huitoa hesabu hiyo kana kwamba mjadala umekwisha. Vikao vya uchumi wa buluu haviishi bila kuirudia.

Mkulima mmoja wa pwani ya mashariki ya Unguja haioni hivyo. Yumo kwenye kazi hii karibu tangu mwani ulipoanza kulimwa kibiashara mwaka 1989. Anasema mwanzoni wanaume walikuwamo. Bei ilipokataa kupanda wakarudi baharini kuvua, wengine wakaenda mahotelini. Kwake, asilimia 80 ni hesabu ya waliobaki.

Kinachomuuma zaidi ni mnunuzi. Anayekupa kamba na taitai, vikamba vya kufungia mbegu, ndiye utakayemuuzia, kwa bei atakayotaja yeye. Mbegu hufungwa wakati wa bamvua, maji yakitoka. Mwani hukaa majini kama wiki sita, huvunwa, hubebwa umelowa, kisha huanikwa. Ukikauka, sehemu kubwa ya uzito uliokuvunja mgongo imeshapotea. Mvua ikiupiga, thamani yake inashuka. Ukiufikisha kwenye mizani unaambiwa una mchanga, au haujakauka sawasawa, na kilo zinakatwa. Anayepima ni mwanamume, anayelipa ni mwanamume. Hakumbuki kumwona mwanamke ameshika daftari la ununuzi, ingawa kijijini kwao wasichana waliomaliza shule wapo. Mzazi mwenye mtoto mchanga hana likizo: bamvua ikimpita, mapato nayo yamempita. Na kilo ya spinosamu, aina ya mwani ya bei ya chini, anasema, hainunui kilo ya mchele.

Wanunuzi hujitetea kwamba bei hupangwa ng'ambo, na kwamba Indonesia na Ufilipino huzalisha kwa wingi ambao visiwa hivi haviufikii. Ni kweli. Ila soko la dunia halikati kilo ufukweni.

Matumaini yamewekwa kwenye kotonii, aina yenye bei nzuri zaidi, ambayo imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi kadiri bahari inavyopata joto. Dawa inayopendekezwa ni kuihamishia kwenye kina kirefu. Huko hakufikiki kwa miguu. Panahitajika boti, na mtu anayejua kuogelea, jambo ambalo wanawake wengi wa vijiji hivi hawakulelewa nalo. Afisa yule anasema boti na mafunzo vinatolewa. Kuhusu boti ngapi zina mmiliki mwanamke, hakuwa na hesabu, naye ni mtu wa hesabu.

Vikundi vya kutengeneza sabuni na krimu za mwani vinalipa vizuri kuliko mwani mkavu, na humo wanawake ndio wenye daftari. Lakini wateja wao wengi ni watalii, na msimu wa watalii ukiisha bidhaa hukaa rafuni.

Bei huenda ikapanda kidogo, mahitaji ya karajinani inayotolewa kwenye mwani yakiendelea. Kotonii nayo huenda ikastawi huko kwenye kina. Ikistawi kabla umiliki wa boti haujabadilika, wanaume walioukimbia mwani watakuwa na sababu ya kurudi, na safari hii hawatarudi kufunga mbegu.