Ushanga wa Ujiji na Tarakimu za Kitabu

Mwaka 1874, Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika Ujiji akiyatafuta makaratasi aliyoyaacha Livingstone, aliwakuta watu sokoni wakinunua samaki, chumvi na mawese kwa ushanga uitwao sofi, mfano wa vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Na mgeni aliyekuja na mali ya namna nyingine hakuwa na budi kuibadili kwanza, ndipo apate kitoweo. Mali yake haikuwa mbovu. Ila yake ilikuwa moja tu, kwamba soko halikuitambua.

Hali hiyohiyo ilivifika vitabu vya dunia nzima tarehe 1 Januari 2007, siku ambayo namba ya utambulisho ya kitabu, ile wakutubi waiitayo ISBN, ilitoka tarakimu kumi ikawa kumi na tatu. Namba hiyo asili yake ni Uingereza, ambako katika miaka ya 1960 bingwa wa takwimu Gordon Foster aliitunga kwa tarakimu tisa kwa haja ya wauza vitabu W. H. Smith, mwaka 1970 ikawa kanuni ya mataifa, ikaongezwa tarakimu ya kumi. Wala si hesabu ya kubahatisha, bali ni nasaba: fungu la kwanza hutaja nchi au lugha, la pili mchapishaji, la tatu kitabu chenyewe. Kwa hiyo msomaji wa Kigoma akigeuza jalada akaona 9976 au 9987, ajue kuwa kitabu ni cha Tanzania; 9966 ni cha Kenya, 9970 cha Uganda, na 2 ni cha nchi za Kifaransa, ilhali 0 na 1 ni vya Kiingereza.

Sababu za mageuzi zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba namba zilikaribia kwisha. Ya pili ni kwamba mashine za madukani, zinazosoma ile michirizi myeusi nyuma ya kila bidhaa, zilikwisha zoea tarakimu kumi na tatu ambazo za mwanzo hutaja nchi. Vitabu navyo vikapewa nchi yao, 978, nchi isiyo na bahari wala sultani, nami sijui nchi nyingine niipendayo zaidi.

Hapa ndipo wengi hughafilika, wakadhani kwamba kubadili ni kubandika 978 mbele na kazi ikaisha. Sivyo. Tarakimu ya mwisho haitaji kitu. Ni mlinzi tu, hupatikana kwa kuzikokotoa zile zilizotangulia, ili mwandishi akikosea kunakili, kosa lidhihirike. Katika namba ya zamani kila tarakimu ilizidishwa kwa kumi, tisa, nane, hivyo hadi mbili, na jumla pamoja na mlinzi sharti igawanyike kwa kumi na moja bila baki. Mlinzi akiwa kumi, huandikwa X. Katika namba mpya tarakimu huzidishwa kwa moja na tatu kwa zamu, na jumla sharti igawanyike kwa kumi. Kwa mfano wa hesabu tu, 9976-1-0001-9 huwa 978-9976-1-0001-3: mlinzi 9 ameondoka, amekuja 3. Anayemwacha mlinzi wa zamani mlangoni, kompyuta humkatalia kama soko la Ujiji lilivyomkatalia mgeni.

Kwa maktaba, rafu hazikutikisika, maana kitabu hupangwa kwa namba ya somo lake na jina la mtungaji, si kwa ISBN. Na penye orodha ya kadi, taathira ilikuwa ndogo mno. Mashaka yalikuwa kwenye orodha za kompyuta, ambamo kitabu kimoja kilichoandikishwa kwa namba ya kale, kikitafutwa kwa namba mpya, huonekana hakipo, kikanunuliwa tena kwa fedha ambazo hakika hazikuwa nyingi. Dawa waliyoichagua wakutubi ni kuziandika namba zote mbili katika kumbukumbu moja, bila kuifuta ya zamani, nami naiona ndiyo busara. Walakini hata dawa hiyo ina mpaka: vitabu vilivyopewa 979, vikiwamo vingi vya sasa vya Ufaransa na Marekani, havina kabisa sura ya tarakimu kumi.

Tena viko vitabu ambavyo mageuzi yote haya hayakuvigusa. Vile vya East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948, vilivyochapwa kabla ya 1970. Vile vya kale vya wamisionari wa Tabora. Na juzuu na maulidi zilizopigwa chapa Misri au Bombay, zilizokaa miaka mingi katika vyuo na nyumba za Ujiji. Vyote hivi havikuzaliwa na namba yoyote. Mkutubi hana budi kuviandika kwa jina, mtungaji, mji na mwaka, kama ilivyokuwa ada, na aghalabu hivyo ndivyo vinavyostahili kutunzwa kuliko vyote.

Hapa nchini mgawaji wa namba ni Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo asili yake ni sheria ya mwaka 1963. Basi ewe mwandishi wa Kigoma, uliye na mswada wa tarehe ya mji wako au mashairi ya wavuvi wa ziwa, iombe namba yako huko kabla hujaupeleka mtamboni, uichapishe kama ulivyopewa, tarakimu zote kumi na tatu.