Siku Kogalo Ilipotwaa Kombe: Furaha, Presha na Moyo wa Shabiki

Kabla ya kuwa jina la timu ya mpira, Gor Mahia lilikuwa jina la mganga. Wazee wa Kiluo husimulia habari za mtu wa Kanyamwa, upande wa Kenya, aliyeheshimiwa na kuogopwa kwa dawa zake, na kwa uwezo wa kujigeuza umbo mbele ya adui. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1968 ikarithi jina hilo, na kwa muda ilionekana imerithi na dawa pia. Mwaka 1987 ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa sare mbili dhidi ya Espérance ya Tunisia, 2-2 ugenini na 1-1 nyumbani, magoli ya ugenini yakaamua. Kisha dawa ikaisha nguvu. Baada ya ubingwa wa Kenya wa mwaka 1995, Kogalo, kama mashabiki waiitavyo, haikuuonja tena ubingwa wa ligi kwa miaka 18.

Msomaji wa mbali aweza kuuliza: klabu ya Nairobi inahusiana nini na Tarime? Aliyewahi kufika Sirari hataliuliza swali hilo. Hapo mpaka hupita katikati ya biashara za watu. Waluo wa Rorya wana ndugu Migori, Wakurya wa Tarime wana ndugu ng'ambo, na habari za mpira hazigongwi mhuri wa uhamiaji. Simba na Yanga zina watu wao mkoani Mara, tena wengi. Hata hivyo, wapo ambao Jumapili yao hutengemaa au huharibika kwa matokeo ya Kogalo.

Mwaka 2012 watu hao waliumia vibaya, maana Tusker iliwapokonya kombe siku ya mwisho ya ligi. Mwaka 2013 Bobby Williamson, Mskochi aliyetoka kuifundisha timu ya taifa ya Uganda, aliichukua timu msimu ukiwa umeshaanza, na hatimaye ubingwa ukaja.

Mimi wakati huo nilikuwa daktari kijana wilayani Tarime, sijasomea ubingwa. Miongoni mwa wagonjwa wa kliniki yangu ya presha alikuwamo mwalimu mstaafu, shabiki wa Kogalo tangu ujana wake. Nilikuwa nimempa dawa mbili, mojawapo ikiwa ile ya kupunguza maji mwilini, ambayo humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Nilimwandikia, nikamwambia anywe asubuhi, nikamwita anayefuata. Sikumwuliza siku zake hupitaje.

Siku zake za mpira zilipita katika kibanda cha kuonyeshea mpira, kile ambacho vijana hukiita kibanda umiza: benchi za mbao, watu wamebanana, choo kiko mbali nyuma ya nyumba ya jirani. Anayetoka hukuta nafasi yake imekaliwa. Basi mwalimu akaamua, kwa akili timamu kabisa, kutokunywa dawa siku za mechi. Msimu ulipokaribia kwisha na kila mechi ikawa kama fainali, akaziacha wiki nzima.

Jioni ya ushindi aliimba na wenzake. Wakiwa njiani kurudi, mdomo wake ukapinda upande mmoja, mkono wa kulia ukalegea, maneno yakawa hayaeleweki. Wenzake wakacheka, wakijua mzee amelewa furaha, na pengine kitu kingine. Wakamlaza. Mkewe ndiye aliyetambua, saa nyingi baadaye, kwamba mumewe hakuwa amegusa pombe siku hiyo. Alipofikishwa kwetu kwa bodaboda, akiwa amekalishwa katikati ya vijana wawili, presha yake ilikuwa 210 kwa 120. Kilikuwa kiharusi.

Nimeyarudia masaa yale mara nyingi. Kwa kiharusi cha mshipa ulioziba, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kupigwa picha ya kichwa. Vifaa hivyo havipatikani kila wilaya, nalijua hilo. Lakini hata pasipo dawa hiyo kuna mengi ya kumfanyia aliyewahi kufika: kupima sukari, kuhakikisha anameza vizuri kabla ya kupewa chakula au kidonge, kumlinda asipaliwe. Na kuna ya kutomfanyia, ambayo nawakumbusha hasa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya. Msimpe nifedipini chini ya ulimi ili presha ishuke upesi, kwa kuwa ubongo uliokosa damu huhitaji msukumo huo, na kuushusha ghafla huongeza eneo linalokufa. Msimpe aspirini kabla ya kujulikana kama mshipa umeziba au umepasuka.

Ninyi mnaokaa kibandani, kazi yenu ni nyepesi zaidi. Mwambieni mtu atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi moja. Kimoja kikikataa, hajalewa huyo. Mpelekeni hospitali.

Kwamba mpira huweza kuudhuru mwili wa mtu aliyekaa tu kwenye benchi si hadithi. Ujerumani ilipoandaa Kombe la Dunia mwaka 2006, madaktari wa Munich na maeneo ya jirani walihesabu dharura za moyo. Siku ambazo timu yao ilicheza, dharura hizo ziliongezeka mara 2.66 kuliko siku za kawaida. Kwa wanaume peke yao, mara 3.26. Nyingi zilitokea ndani ya saa mbili za mwanzo tangu mechi kuanza, na karibu nusu ya wagonjwa walikuwa na maradhi ya moyo yanayojulikana tangu awali. Mwili hautofautishi sana simba wa Serengeti na penalti ya dakika ya 90. Homoni ya adrenalini humwagika, moyo hukimbia, mishipa hubana, na presha iliyokuwa juu hupanda zaidi. Ongeza mirungi, sigara na usiku usio na usingizi, na mshipa uliochakaa hupata kisingizio.

Na furaha je? Watafiti wa Zurich walichapisha mwaka 2016 uchambuzi wa wagonjwa 485 ambao moyo wao ulilegea ghafla kwa sababu ya mhemko. Kwa 20 kati yao mhemko ule ulikuwa wa heri: sherehe ya kuzaliwa, harusi, na mmoja ambaye timu yake ya raga ilishinda. Ni wachache, na sitaki mtu aogope kushangilia. Anayepaswa kuogopa ni mwenye presha isiyotibiwa, na wengi wa hao hawajui kwamba wanayo, kwa sababu haiumi.

Miaka ilipita. Tarehe 24 Machi 2019 Taifa Stars iliifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam na kurudi Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39. Wiki iliyotangulia nilikuwa Mugumu, wilayani Serengeti, kuwasaidia wenzangu kwenye kliniki, na kila mwenye presha nilimwuliza swali ambalo sikuliuliza Tarime: Jumapili utaangalia mpira wapi, na choo kiko wapi? Wauguzi walicheka. Baba mmoja hakucheka; alisema alikuwa amepanga kuruka dozi. Tulimhamishia kidonge chake alfajiri, na mambo yakaisha. Mgonjwa mwingine tulimbadilishia dawa kabisa, akapewa amlodipini, isiyomsumbua kwa mkojo.

Mwalimu wangu wa Tarime alipona, ila si kikamilifu. Mkono wa kulia haukurudi kushika chaki wala jembe, na maneno yalimrudia polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma. Kogalo ilichukua tena ubingwa mwaka 2014, na mwaka 2015 ikauchukua bila kufungwa hata mechi moja. Msimu huo nilimkuta njiani siku ya mechi, ameshika fimbo kwa mkono wa kushoto, anaelekea kibandani.

"Shikamoo mwalimu. Dawa umekunywa?"

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akiyachagua maneno moja moja. "Nimekunywa saa kumi na mbili asubuhi. Mpira ni saa tisa. Nimeshakojoa mara nne."