Giza Lililotengenezwa kwa Madini ya Fedha

Dhahabu ya Chunya haitoki ardhini ikiwa peke yake. Mchimbaji wa Itumbi au Matundasi akishasaga mawe kwenye karasha na kuchoma dhahabu yake, ndani ya kile kipande cha njano huwa mna kiasi fulani cha madini ya fedha, na ndiyo maana mnunuzi hupima kwanza kabla ya kutaja bei. Je, wajua kwamba madini hayohayo ya fedha ndiyo yaliyotengeneza joho la Drakula na kila kona ya giza katika picha za kutisha za zamani, zile za rangi nyeusi na nyeupe?

Ukanda wa filamu hupakwa gelatini yenye chembe ndogo sana za chumvi ya fedha. Mwanga unapozipiga chembe hizo, kitu fulani hubadilika ndani yake, kisha dawa ya kusafishia picha huzigeuza kuwa fedha yenyewe, iliyo laini mno kiasi kwamba haing'ai bali inaonekana nyeusi. Kwenye nakala inayopita katika projekta, penye giza zaidi ndipo penye fedha nyingi zaidi. Filamu ya rangi haiko hivyo: fedha huondolewa wakati wa kusafisha, zikabaki rangi za kemikali ambazo miaka ikipita hufifia. Kwa sababu hiyo, nakala ya mwaka 1931 iliyotunzwa vizuri inaweza kuwa na weusi mzito kuliko filamu ya rangi ya miaka ya 1970. Fedha hiyohiyo iliziponza pia filamu za zamani. Filamu nyingi za kimya, zilipoacha kuingiza mapato, ziliharibiwa ili fedha yake irudishwe na kuuzwa.

Picha hizi na machimbo ya Chunya ni watoto wa zama moja. Dhahabu ya Lupa, hukohuko Chunya, ilianza kuvuta watu mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mji wa Mbeya ukaota pembeni yake mwaka 1927. Uchumi wa dunia ulipoanguka mwaka 1929, bei za mazao ziliporomoka lakini dhahabu ilizidi kupanda thamani. Uingereza iliacha kufunga pauni yake na dhahabu mwaka 1931, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei kutoka dola 20.67 hadi 35 kwa aunsi. Wengi waliofilisika kwingine wakaenda kujaribu bahati Lupa. Huko Hollywood nako, studio ya Universal ilikuwa na hali mbaya kifedha. Februari 1931 ikatoa Dracula, na Novemba mwaka huohuo Frankenstein. Watu wasio na kazi walitoa senti zao za mwisho ili wakatishwe, na studio ikapata pa kupumulia.

Anayeirudia Dracula leo hushangazwa na vitu ambavyo havimo. Bela Lugosi, anayeigiza Drakula, haonyeshi meno marefu hata mara moja. Hakuna jeraha linaloonekana shingoni mwa mtu. Muziki karibu haupo, ila kipande kifupi cha Tchaikovsky mwanzoni na ile sehemu ya ukumbi wa tamasha. Kinachobaki ni ukimya, sauti nzito ya Lugosi, na macho yake yaliyomulikwa kwa miali miwili myembamba ya taa huku uso uliobaki ukiachwa gizani. Mpiga picha, Karl Freund, alitoka katika sinema za Ujerumani, ambako kivuli kilipewa kazi sawa na mwigizaji. Mwaka uliofuata Freund mwenyewe aliongoza The Mummy, akiwa na Boris Karloff, mtu ambaye mwanzoni mwa Frankenstein jina lake halikuandikwa: kwenye orodha ya waigizaji, mbele ya dude aliloigiza, iliwekwa alama ya kuuliza tu.

Lakini hila nzuri kuliko zote ilifanyika kwenye picha ya Dr. Jekyll and Mr. Hyde, pia ya mwaka 1931, iliyoongozwa na Rouben Mamoulian. Daktari mwema anakunywa dawa, na uso wake unaharibika mbele ya macho ya mtazamaji, bila picha kukatwa. Fredric March alikuwa amechorwa usoni mikunjo ya Hyde kwa rangi nyekundu. Kioo chekundu kikiwa mbele ya lenzi, michoro ile ilipotea ndani ya ngozi; kioo kilipobadilishwa polepole kuwa cha kijani, wekundu wote ukageuka weusi na sura nyingine ikajitokeza. Filamu haikuonyesha rangi, kwa hiyo mtazamaji hakuweza kujua kilichobadilika. Mamoulian aliitunza siri hiyo kwa miaka mingi. March alipata Oscar.

Hila nyingine ziliegemea weusi wenyewe. Kwa The Invisible Man ya 1933, mwigizaji alivishwa mahameli nyeusi mwili mzima, akasimama mbele ya ukuta wa mahameli nyeusi, kisha akavaa shati na suruali juu yake. Kamera iliona nguo zikitembea peke yake. King Kong wa mwaka huohuo alikuwa sanamu ya takriban sentimita 45, yenye ngozi ya sungura, iliyosogezwa kidogo kidogo na Willis O'Brien na wasaidizi wake, picha 24 kwa kila sekunde ya filamu. Vidole vyao viliacha alama kwenye manyoya, na kwenye skrini manyoya yakaonekana kutetemeka kana kwamba mnyama ana hasira. Hilo hakuna aliyelipanga.

Kwa nini basi picha hizi zinaingia moyoni kuliko nyingi za rangi zenye damu ya kumwagika? Sehemu ya jibu iko ndani ya jicho. Nyuma ya jicho la binadamu zipo seli takriban milioni 6 zinazoona rangi, ambazo huhitaji mwanga wa kutosha, na nyingine takriban milioni 120 zinazofanya kazi kwenye mwanga hafifu, zisizojua rangi kabisa. Usiku wa mbalamwezi ni hizi za pili zinazoona. Tena wekundu huzipita karibu wote: kitenge chekundu kilichosahauliwa kwenye kamba ya nguo huonekana cheusi, huku majani ya mti yakibaki na weupe fulani. Filamu iliyotumika miaka ya mwanzo ya sinema ilikuwa na upofu huohuo. Haikuona nyekundu, na ndiyo maana midomo ya waigizaji wa wakati huo ni myeusi. Nosferatu ya F. W. Murnau, ya mwaka 1922, inamwonyesha Max Schreck karibu kama jicho lingemwona akikatiza uwanja saa saba za usiku. Aliyekulia kijiji cha Chunya kisicho na umeme, akarudi nyumbani kwa miguu kupitia miombo huku koroboi ikiwa imebaki mbali nyuma yake, anaujua ulimwengu huo kabla hajaketi mbele ya skrini.

Wakoloni hawakuamini kwamba mtu huyo angeweza kuifuata skrini hiyo. William Sellers, aliyeongoza Idara ya Filamu ya Makoloni iliyoanzishwa mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha za haraka wala hila za kamera, hivyo atengenezewe filamu za polepole za usafi na kilimo. Magari ya sinema yalizunguka Tanganyika na filamu za mafunzo, na Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliigiza mhusika mkuu wa filamu ya Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wakati huohuo watu wa Zanzibar na Dar es Salaam walijaa kwenye kumbi za Majestic, Empire na Avalon, wakifuata bila taabu picha za Kihindi na za Hollywood zenye kila aina ya hila. Nadharia ya Sellers ilikuwa ikikanushwa kila Jumapili, mlangoni mwa sinema.

Kwenye machimbo, picha la kutisha lilikuja kwa njia nyingine: jenereta, deki na kibanda umiza. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Penye nyumba isiyo na umeme palikuwa na chogo kidogo cha rangi nyeusi na nyeupe kilichofungwa kwenye betri ya gari, na chogo hicho kiligeuza kila kitu. Thriller ya Michael Jackson, yenye sauti ya Vincent Price, mkongwe wa picha za kutisha, ilionekana humo kijivu kama ya zamani. Majirani walijazana mlangoni, watoto wakatazama kupitia vidole, na kesho yake mmoja akawasimulia wenzake shuleni kwa kuongeza chumvi. Mijini walitokea wasimulizi kama Lufufu, waliosema Kiswahili juu ya sauti ya wazungu, wakawapa wahusika majina na vituko vya hapa. Ni sanaa inayostahili heshima kuliko inayopewa.

Nyanda za Juu Kusini zina mzuka wao pia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwongozaji Mussa Banzi alitoa Nsyuka, picha ya video iliyochukua jina lake kwa Wanyakyusa, miongoni mwa za kwanza za kutisha katika Bongo Movie. Ilitengenezwa kwa fedha kidogo, na hilo si aibu. Mwaka 1942 Val Lewton alipewa bajeti ndogo kutengeneza Cat People, na chui mweusi karibu hakuonyeshwa: msichana anatembea peke yake usiku, nyayo zinamfuata, nyayo zinakoma, kisha mlio mkali, na ni basi tu linalofunga breki. Mwaka 1968 George Romero alitumia sharubati ya chokoleti kama damu katika Night of the Living Dead, akiwa na Duane Jones, mwigizaji mweusi, kama shujaa.

Filamu hiyo ya Romero ilitoka bila alama ya hakimiliki, kosa la msambazaji alipobadilisha jina, na nchini Marekani ikawa mali ya umma tangu siku ya kwanza. Nosferatu iliamriwa na mahakama iharibiwe baada ya mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa riwaya ya Dracula, kushtaki, lakini nakala zilikuwa zimeshafika nchi nyingine. Leo zote mbili zinapatikana bure mtandaoni. Na Nosferatu ni ya kimya, kwa hiyo msimulizi wa Makongolosi, huko Chunya, anaweza kuiweka kwenye skrini na kuisimulia kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, bila sauti ya mtu mwingine kumwingilia.