Madoadoa, Wakuja, na Neno Tulilolisahau

Kwetu Pwani madoadoa hayakuwa na ubaya. Chui ana madoadoa. Kanga, yule ndege, ana madoadoa, na wengi husema leso zetu ziliitwa kanga kwa kufanana na manyoya yake.

Lakini nenda Kuresoi, upande wa Molo, kwenye viazi, pareto na ng'ombe wa maziwa, usilitamke ovyo. Katika vita vya kikabila vya 1992, na tena baada ya uchaguzi wa 2007, madoadoa walikuwa watu: jirani wa kabila jingine aliyenunua shamba kwa pesa yake. Doa hufutwa, na ndiyo maana ya neno ilipofichwa. Watu wakachomewa nyumba, wakauawa, wakahamia kambini. Januari 2022 mwanasiasa mmoja alilitamka tena mkutanoni Eldoret, akatiwa mbaroni.

Mwaka huo huo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikatoa orodha ya maneno ya chuki. Madoadoa yamo. Na wakuja yamo pia, neno letu hili tunalolitupa barazani huku tukinywa kahawa! Likoni mwaka 1997 tuliona linakofika.

Wazee wetu walikuwa na neno jingine ambalo vijana hawalijui tena: kulowea. Mgeni akija, akakaa, akazoea mji na mji ukamzoea, ilisemwa amelowea. Hakuulizwa atarudi lini kwao. Leo limebaki kwenye vitabu vya historia tu, walowezi, yaani Wazungu waliojitwalia zile nyanda za juu, Molo na Kuresoi zikiwemo. Ajabu ni kwamba neno la kumpokea mgeni tumemwachia aliyenyang'anya ardhi, na Mkenya aliyeinunua akaitwa doa.

Sisemi madai ya ardhi ni uongo, si kule wala huku kwetu, ambako wengi hadi leo ni maskwota kwenye ardhi ya babu zao. Lakini hati miliki hudaiwa kwa aliyeitoa, si kwa muuza mboga.

Mtaani kwetu yuko mzee ambaye babake alishuka kutoka bara kufanya kazi bandarini. Kaoa hapa, kazika wazazi hapa, na harusi zetu zote humkuti amekosa. Marehemu bibi yangu alikuwa akiulizwa kabila lake, hujibu tu, "Yule kalowea."