Mboga wakati wa jua kali: anza na hesabu ya maji



Katika bonde la Ruzizi, toka Kamanyola mpaka Uvira, mwezi wa tisa jua linachoma kabisa. Kiangazi kimeshika toka mwezi wa sita, udongo umekauka, na mvua bado. Ni wakati uleule mboga zinapungua sokoni na bei inapanda. Kwa hiyo wengi wanatuuliza: mtu asiyewahi kulima mboga anaweza kuanza sasa? Anaweza. Lakini kabla ya kushika jembe, ahesabu bidoni.

Bidoni ngapi kwa siku?

Wakati wa jua kali, mita moja ya mraba ya bustani iliyojaa mboga inapoteza karibu litri 5 au 6 za maji kila siku. Tuta la mita 1 kwa mita 10 linaomba basi litri 50 mpaka 60, ndiyo bidoni tatu za litri 20. Matuta matano ni bidoni 15 kila siku, na siku ya Mungu pia. Nani atazibeba? Kama ni mama peke yake, ao mtoto aliyepaswa kuwa darasani, bustani hiyo imepita nguvu ya nyumba.

Tunashauri matuta mawili tu, karibu na mto, mufereji ao kisima. Matuta mawili yenye kunywa vizuri yatawapa mboga. Matano yenye kiu yatakauka yote, na pesa ya mbegu itapotea nayo.

Panda zenye kuvumilia joto

Lengalenga, ngaingai, matembele, dongodongo na bilinganya zinapenda joto. Lengalenga ni nzuri kwa mwenye kuanza, juu unaweza kuvuna kisha wiki tatu ao ine. Tomati ni ngumu zaidi: joto la mchana likipita digrii 35 na usiku ukibaki wa moto, maua yanaanguka bila kuzaa. Saladi inakimbilia kutoa maua na inakuwa chungu. Shu haifungi vizuri. Hizo ziwekeni kwa miezi yenye baridi kidogo.

Usiachie jua maji yako

1. Wakati wa mvua tunainua matuta. Wakati wa kiangazi tunafanya kinyume: teremsha tuta chini kidogo, kama kiganja kimoja, ili maji yasikimbie.

2. Funika udongo na nyasi kavu ao majani ya mpunga, unene wa vidole vitatu ao vine. Usibananishe nyasi na shina, na angalia kama mchwa hawajaingia.

3. Kwa kitalu, ile tunaita pepinyeri, jenga kivuli cha matete ao makuti, urefu wa mita moja. Wiki moja mbele ya kuhamisha miche, punguza kivuli polepole ili izoee jua.

4. Hamisha miche jioni, ipate usiku muzima wa kushika udongo.

5. Mwagilia asubuhi mapema, polepole, kwenye mizizi. Maji ya saa sita mengi yanachukuliwa na jua.

6. Tumia samadi iliyooza vizuri. Ile mbichi inaunguza mizizi, na jua linazidisha.

Majani yakilala saa sita ya mchana

Hapo mwenye kuanza anaogopa na kukimbilia arozwari. Ngoja kwanza. Kwa joto kali mimea mingi inalegeza majani mchana na kuinuka jioni. Ingiza kidole katika udongo. Kama ndani kuna ubichi, acha. Kama ni kavu, mwagilia jua likipungua. Lakini kama majani yangali yamelala asubuhi na udongo uko na maji, usiongeze: mizizi inaweza kuwa inaoza ao ina ugonjwa. Ng'oa mche mmoja uangalie.

Mbele ya mkutano ujao wa koperative, kila mwenye kutaka kuanza ahesabu bidoni ambazo nyumba yake inaweza kubeba kwa siku, bila kuchosha mtu na bila kukosesha mtoto masomo. Mutuletee hiyo hesabu. Tutagawanya kwa tatu, na kila mtu atajua matuta yake ni mangapi.