Kipya Kinyemi: Mtambo Mpya na Daftari la Zamani

Msafiri atokaye Mbarara kuelekea Isingiro hupita Kaberebere, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya ndizi. Hapo hupita pia watu wengi waendao katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Siku moja tulisimama penye kibanda cha wakala wa fedha za simu. Simu yake ilikwisha kutuma fedha za mteja, na ujumbe wa kuthibitisha ulikwisha fika. Hata hivyo alichukua kalamu, akaandika katika kaunta buku tarehe, jina, namba na kiasi, kisha akamtaka mteja atie sahihi. Tulipomwuliza sababu, alitujibu kwamba simu huzimika na mtandao hupotea, bali daftari hubaki.

Jibu hilo lina funzo kwetu sisi tulio katika majeshi ya ulinzi na polisi. Siku hizi kila mwaka huja na mtambo wake: kamera zitambuazo nyuso, ndege zisizo na rubani, na sasa akili bandia. Kila muuzaji husema kwamba wake ndio utakaomaliza matatizo yote. Wahenga walikwisha tuonya: kipya kinyemi ingawa kidonda.

Hatusemi kwamba mitambo haifai. Mwaka 2018 Serikali ya Uganda, ikishirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, iliwahakiki upya wakimbizi wote nchini kwa alama za vidole na mboni za macho. Kazi hiyo ilianza mwezi Machi huko Oruchinga, jirani ya Nakivale katika wilaya hii hii ya Isingiro. Hesabu ya awali ilikuwa watu wapatao milioni 1.4, uhakiki ulipomalizika mwezi Oktoba, waliothibitishwa walikuwa takriban milioni 1.1. Daftari peke yake lisingaliweza kutoa hesabu hiyo.

Lakini mtambo huo huo waweza kushindwa kusoma vidole vya mama mzee vilivyosuguliwa na jembe kwa miaka mingi. Mlangoni yupo askari. Kama amefundishwa kwamba mtambo haukosei, atamfukuza mama huyo na chakula cha wanawe kitapotea. Kama amefundishwa hatua inayofuata, atamwelekeza apimwe macho, kadi yake itazamwe, na jina lake litafutwe katika orodha.

Katika vita, kosa la namna hii huua. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Iraq aina ya Scud lilipiga kambi ya Wamarekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likawaua askari 28. Mtambo wa Patriot uliokuwa ukiilinda kambi hiyo haukurusha hata kombora moja. Kompyuta yake ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu katika tarakimu za kompyuta, kama vile theluthi isivyokwisha katika tarakimu zetu. Kila hesabu ilibakiza upungufu mdogo mno. Mtambo ulikuwa umewashwa kwa saa 100 mfululizo, na upungufu ule ukafika theluthi ya sekunde. Kwa kombora liendalo zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde, huko ni kukosea kwa zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulitazama mahali pasipo na kitu.

Dawa ilikuwa kuuzima na kuuwasha tena, kazi ya dakika moja hivi. Siku nne kabla, vikosi vilikuwa vimeonywa kwamba kuuwasha kwa muda mrefu sana kungeleta hitilafu. Lakini hakuna aliyewaambia muda mrefu ni saa ngapi. Programu iliyorekebishwa iliwasili Dhahran tarehe 26 Februari, siku moja baada ya maafa. Kila askari ajua kwamba amri isiyo na kipimo si amri.

Karibu na kwetu, katika uchaguzi wa Kenya wa tarehe 4 Machi 2013, vifaa vya kuwatambua wapiga kura viliishiwa na betri katika vituo vingi, na kosa la programu likazizidisha kura zilizoharibika mara nane. Iliyookoa hesabu ni karatasi: fomu zilizotiwa sahihi vituoni.

Basi, ndugu askari, ukiletewa mtambo mpya, uliza maswali manne. Umejaribiwa wapi: ofisini, au katika vumbi na jua la Nakivale? Mipaka yake ni ipi, kwa tarakimu? Ukiharibika, nani huutengeneza na kwa muda gani? Ukizimika, sisi tutafanya nini?

Aidha, programu yapasa kutunzwa kama ghala la silaha. Hakuna bunduki itokayo ghalani bila kuandikwa. Vivyo hivyo, pasiwe na badiliko katika programu bila kuandikwa nani amelifanya, lini na kwa sababu gani. Mtu wa pili alikague, na njia ya kurejea katika hali ya awali iwepo.

Bunduki mpya haikubaliwi kwa maneno ya muuzaji. Hupelekwa kwanza katika uwanja wa shabaha. Mtambo nao uende huko huko. Ukifaulu, tuutumie kwa moyo mmoja. Na daftari tusilitupe.