Chenso ya Kopi, Chenso ya Orijino: Pesa Iende Wapi?

Chenso ilibuniwa kwa kuangusha mti na kukata gogo kwa kukingama. Mnyororo unazama, sekunde chache tu kipande kimedondoka, injini inarudi kuunguruma taratibu na kupoa. Mafundi wa Njombe, Mufindi na Kivu wanaidai kazi nyingine kabisa: ipasue gogo lilelile kwa urefu, ncha hadi ncha, mpaka zitoke mbao. Tofauti ya mashine ya laki chache na ile ya mamilioni huonekana hapo, na mara nyingi si mahali anapotazama mnunuzi akiwa dukani.

Mti ni tita la mirija myembamba iliyogandamana. Ukiukata kwa kukingama, kona ya jino hutangulia kukata mirija upande wa kushoto na wa kulia, kisha mgongo wa jino hubandua kipande kilichobaki na kukitupa nje. Ukipasua kwa fremu inayoliongoza bapa la chenso juu ya gogo, bapa limelala, na jino linakabiliana na vichwa vya mirija. Hakuna cha kubandua tena. Kila mrija lazima ukatwe na makali yenyewe, mmoja baada ya mwingine, na ndiyo maana kazi ni nzito na unga wake ni laini zaidi. Gogo la mita tatu lenye upana wa nusu mita linataka dakika kadhaa za moto wote, kidole hakitoki kwenye eksileta.

Injini ya chenso haina sampu ya oili. Kinacholainisha pistoni ni oili iliyochanganywa ndani ya petroli, sehemu 1 kwa 50 katika mashine nyingi za sasa, na kinachopoza silinda ni upepo wa feni. Sasa tia vumbi laini katikati ya mapezi ya silinda, ongeza kipira cha kabureta chenye ufa usioonekana. Hewa inaingia kupita kiasi, mafuta yanapungua, na oili inapungua pamoja nayo. Pistoni inapata moto, inatanuka, inakwaruza ukuta wa silinda. Katika kukata kuni kasoro hiyo ingejificha miezi. Katika kupasua mbao inajitokeza ndani ya gogo moja, na fundi anasema injini imeshika.

Kopi nyingi za Kichina huangukia hapa. Umbo lake limefuata mashine za zamani zinazojulikana, kiasi kwamba spea huingiliana, nazo nguvu zake si haba. Udhaifu uko kwenye vitu vidogo: mipira, beringi, kingo za matundu ya silinda zisizosawazishwa ambazo hukwangua ringi. Kati ya zinazoigwa sana ni Stihl 070, mashine nzito ya ujazo wa takriban sentimita za ujazo 106, yenye mizunguko ya polepole, iliyopendwa mno katika misitu ya tropiki. Kwa mkulima mwenye miti yake hamsini ya mgrivelea, anayepasua wiki mbili kwa mwaka, kopi si ujinga. Aifungue kabla hajaiwasha, abadilishe mpira wa mafuta, akaze bolti zote, aongeze mafuta kidogo kwenye kabureta ili injini isikimbie mno. Ajaribu pia breki ya mnyororo, maana kwenye kopi si ya kuaminiwa kwa macho. Anayelisha familia kwa kupasua, huyo siku tatu za kusubiri spea zinamlia faida aliyodhani amepata dukani.

Ila bei kubwa nayo haimaanishi kila kitu kinafaa kila mahali. Baadhi ya mashine mpya za Ulaya hujirekebisha mchanganyiko wa hewa na mafuta zenyewe kwa elektroniki, jambo zuri sana milimani ambako hewa ni nyepesi. Lakini hazina skrubu za kurekebisha, na fundi wa kijijini mwenye bisibisi na sikio zuri hana pa kushika. Mimi ningechagua ya orijino yenye kabureta ya kawaida, na ningetazama ujazo kabla ya jina. Magogo ya sentimita 30 yanapasuka kwa mashine ya sentimita za ujazo 60. Yakizidi sentimita 50, tafuta 90 kwenda juu. Husqvarna 395 XP ina 94, na Stihl MS 881 inazidi 120.

Mnyororo ndio kitu ambacho watu hubana senti pasipostahili. Anayenunua injini ya bei kubwa kisha akaifunga mnyororo wa sokoni usio na jina amenunua injini ya kuchemsha tu. Mnyororo wa kawaida meno yake hunolewa kwa pembe ya nyuzi 30, inayofaa kukingama. Wa kupasulia hunolewa karibu nyuzi 10, jino likabili mti karibu wima, na ubao hutoka laini bila mistari mirefu ya mikwaruzo. Mnyororo wa kawaida unaweza kugeuzwa kwa tupa na subira, ila chuma chake kiwe kizuri, maana chuma laini hupoteza makali na mnyororo hurefuka mpaka unaruka kwenye bapa. Tazama kinachotoka: mnyororo mkali hutoa chembe unazoweza kuzihisi kati ya vidole, butu hutoa unga wa kupeperuka na harufu ya kuungua. Ukipasua mvule, jiandae zaidi. Ndani yake hukaa mawe ya kalisi kaboneti yaliyotengenezwa na mti wenyewe, na jiwe likikutana na jino, hata mnyororo wa bei gani unashuka kunolewa upya.

Kwenye fremu, bana matumizi bila wasiwasi. Fremu ya mtindo wa Alaska, iliyoenezwa na kampuni ya Granberg ya Marekani, ni mabomba, bolti na reli mbili za kushikilia bapa. Mchomeleaji makini wa Mafinga anaitengeneza. Kinachodai umakini ni mkato wa kwanza, kwa kuwa mbao zote zinazofuata huiga uso huo. Ngazi ya aluminiamu iliyonyooka, ikipigiliwa vizuri juu ya gogo, inatosha. Wengi hata fremu hawana: hupiga mstari kwa kamba iliyochovywa oili chafu na kuufuata kwa mkono. Wapo wanaoumudu mkono huo, lakini mbao zao hupishana unene na seremala anakata bei.

Kuna hasara moja ambayo hakuna chapa inayoiondoa. Mnyororo hula takriban milimita 9 za mti kila unapopita. Ukitoa mbao za inchi moja, kwa kila mbao tatu umegeuza unene wa ubao mwingine kuwa unga. Msumeno wa utepe hula milimita mbili hadi tatu. Kwa paina nyembamba za Sao Hill zilizo kando ya barabara, chenso ya kupasulia ni uharibifu hata iwe ya dhahabu. Mahali pa paina hizo ni kwenye msumeno wa utepe. Chenso inajilipia kwa mti mnene ulioanguka bondeni kusikopita tela, au kwa mbao nene za inchi mbili na za meza, ambako mikato ni michache.

Asiyeweza bei ya orijino mpya atafute iliyotumika. Swichi ikiwa imezimwa, ining'inize kwa mpini wa kamba ya kuwashia. Ikishuka kwa kusitasita, hatua kwa hatua, mgandamizo bado upo. Ikiteremka moja kwa moja kama ndoo kisimani, hata muuzaji akishusha bei mara ngapi, pistoni na silinda unavinunua wewe.